Kasi ya Umeme

Kijana wa kampuni ya kwanza alisimama barazani, Chikongola,
shati limenyooka kwa pasi, akaapa:
"Mama, kasi yake ni ya umeme!"
Umeme ukakatika.
Feni ikajikokota mizunguko miwili, ikanyamaza. Naye pia.

Wa pili alileta kalamu ya bure
na bei yenye nyota ndogo pembeni.
Nikavaa miwani, nikaifuata nyota hadi chini ya karatasi:
miezi mitatu, kisha utajua mwenyewe.

Somoe wangu akipiga kutoka Nachingwea
huganda kinywa wazi kwenye "Shika—"
Marahaba zangu zimelundikana.

Basi nimejiunga kwa Likapa, nyumba ya tatu.
Mtandao wake si wa kujisifia.
Ila ukikata usiku
mlango wake naujua,
na deni langu la korosho hajalipa.