Kwa Nani

Vespa ni ya kaka yangu Vuai:
taa moja, honi ya kukohoa,
kiti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Nimemwambia naipeleka gereji.

Miaka kumi na tisa nimewachorea watoto ubaoni
ubavu wa mashariki wa kisiwa hiki,
Makunduchi chini, Matemwe juu,
vumbi la chaki ndio mchanga wangu.

Trafiki wa Tunguu ananisimamisha.
Leseni haitazami. Anatazama buibui
nililolikusanya magotini juu ya suruali.
"Mwalimu, msiba wapi?"
Hakuna msiba.
"Harusi?"
Hakuna harusi.
Ananirudishia leseni polepole
kama arudishaye chenji asiyoihesabu.

Kwetu mtu hasafiri. Huenda kwa mtu.
Hata maji ya Makunduchi, yakikupwa,
yamekwenda kumjulia mtu hali.

Jambiani nimekuta bamvua.
Vigingi vya mwani vimesimama uchi
kama hesabu za kutoa alizoziacha mtoto
kengele ilipolia.
Bi Kazija anaanika. Hanyanyui kichwa.
"Kwa nani?"
Siendi kwa mtu, bibi. Natembea tu.
Akacheka mpaka kanga ikamporomoka.
"Kutembea! Wenzio hutembea kwa dola."
Kisha jicho likamtulia kwenye kisanduku cha Vespa.
"Maadam huendi kwa mtu, nichukulie huyu.
Mwanangu Mwatima, Pwani Mchangani,
mlango wa kijani. Muulize yeyote."

Pweza mkavu, kakunjwa ndani ya gazeti,
mkono mmoja umetoka nje
kama anayetaka kujibu swali.

Paje, tiara za wageni zimejaa juu ya maji.
Kijana akanifuata na jambo-jambo yake,
bangili mkononi, bei mdomoni.
Nikamuuliza: wa skuli gani wewe?
Akazificha bangili mgongoni.

Michamvi, njia ikaisha.
Chwaka ile pale, ng'ambo ya ghuba,
mabati yake yananikonyeza.
Ubaoni ningeunga kwa mstari mmoja.
Lami ikanirudisha Paje,
ikanipitisha Jozani kwa kima punju
wanaovuka barabara bila kuulizwa na mtu,
saa nzima na zaidi
kufika pahala nilipokwisha kupaona.

Uroa, plagi ikalowa. Nikaikausha kwa ushungi.

Kiwengwa ni ukuta. Ukuta, geti, ukuta.
Mlinzi kanitokea: "Kazi zimekwisha, dada.
Rudi mwezi wa sita."
Sikuja kuomba kazi. Nataka kuiona bahari.
Akageuka nyuma haraka
kama anayehakikisha kuwa bado ipo.

Pwani Mchangani ina milango ya kijani minne.
Mimi, nisiyekwenda kwa mtu,
nikabisha hodi yote minne.
Wa kwanza hamjui. Wa pili anamdai.
Wa tatu alinipa maji na kunitazama nikinywa.
Wa nne akasema: Mwatima? Kahamia Matemwe,
toka kabla ya mfungo.

Alasiri nikamkuta. Mimba ya miezi minane.
Alimnusa pweza kabla hajaniona mimi.
"Mama hajambo? Kasema nini?"
Bi Kazija hakusema kitu.
Kasema ule vizuri, nikamwambia,
na ulalie ubavu wa kushoto.
Akafuta jicho kwa kiganja chenye unga.
"Na wewe? Unakwenda kwa nani?"
Nikaitazama njia ya Nungwi.
Injini ilikuwa inapoa, tik, tik.
Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja:
alikwisha kutandika mkeka
na kumtia pweza kwenye tui.

Jumatatu nimechora ramani tena.
Kati ya Michamvi na Chwaka mkono umesita,
watoto wakadhani chaki imevunjika.

Vuai bado ananiuliza
ni gereji gani hiyo inayonuka pweza.