Za Chini ya Karai

Pale Markiti nilianza na mikono,
maana jina sikuwa nalo.
Kidole kikazunguka hewani mara tatu:
hivi, imejiviringa, kama kata
ya mwenye mtungi, lakini ndogo.

"Jalebi," akasema kijana.
Hapana. Haikuwa tamu.
Ilikuwa na chumvi na ufuta
na uchungu fulani kwa nyuma
ambao ulimi waujua, na mdomo hauwezi kuutaja.

"Gathia?" Ile imenyooka.
"Chevda?" Ndugu yangu, chevda ni vurugu.
Hii ilikuwa na mpango wake,
na vijino mgongoni;
ukiing'ata, nyumba nzima husikia.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kuze, orofa ya pili.
Sakinabai na bomba lake la shaba
lenye tundu la nyota,
akikamua unga juu ya mafuta, bangili zikigongana,
na sisi ngazini, mimi na Mwanatumu,
tukijifanya twacheza kete.
Mlango ulikuwa ukifunguka nusu.
Mkono hutoka na kipande cha gazeti,
habari za jana zimelowa mafuta hadi hazisomeki.
Kisha mlango hufungwa. Hatukuwahi kuuliza
zaitwaje. Nani aulize, kinywa kimejaa?

Hozefa mwenye duka akatoka nyuma,
akaweka moja juu ya mizani.
"Chakri."
Basi ndilo hilo? Silabi mbili,
nami nimezitafuta miaka thelathini na minane.

Nikaila. Rangi ya dhahabu, imeiva sawasawa.
Siyo.
Nikaona haya kumwambia siyo.
"Yetu ilikuwa nyeusi zaidi," nikasema,
"tena vipande vipande. Na chungu."

Akacheka. Akanitazama. Akaacha kucheka.
"Aaa. Zile za chini ya karai,
zilizoungua. Zile hatuuzi."
Akapangusa mizani iliyokuwa safi.
"Hata kwetu, zile zilikuwa
za watoto wa ngazini."

Nikanunua robo kilo, sikuomba kupunguziwa.
Usiku nikabandika karai,
nikaitia moja, nikasimama kando
nikiitazama ikiungua, kwa makusudi,
moshi ukitafuta dirisha.

Nikampigia Mwanatumu.
Sikumwamkia. Nikaing'ata karibu na simu.
Kimya.
Kisha akasema, "Hiyo imeungua."
Kisha, "Ndiyo hiyo."