Upande wa Kushoto

Miaka thelathini na mmoja nilisimama kando ya mashine,
pale Igombe, mahindi yakiingia juu, unga ukitoka chini,
na katikati, bila mtu kuniambia,
masikio yangu nayo yakisagwa.

Zilianza kuondoka sauti nyembamba:
mbu, kengele ya baiskeli, mjukuu akinong'ona.
Nikajifunza kuitikia kwa kichwa.
Niliitikia hivyo mpaka nikamuuzia Lukelesha mbuzi mwenye mimba
kwa bei ya jogoo, na mkono nikampa.
Sokoni wakasema: sikio la kufa...
Wakaishia hapo. Iliyobaki sikuisikia,
niliijua tu.

Ng'walu, binti yangu, akanipandisha Bugando.
Nikafungiwa kwenye kijumba chenye kuta za sponji.
Ukisikia mlio, bonyeza.
Nikabonyeza. Kisha nikabonyeza kwa kubahatisha,
kama mtoto anayeibia mtihani,
na dada Nyangeta, nyuma ya kioo, akatikisa kidole.

Akaweka mezani viwili.
Kimoja punje ya choroko, kinazama tunduni, hakionekani.
Kingine cha kukaa nyuma ya sikio,
rangi ya ugali wa muhogo, na mrija wake.
Macho yangu yalikimbilia cha kwanza.
Akanipa betri yake niibadilishe.
Vidole hivi, vilivyokaza mikanda na kung'oa nati zenye kutu,
viliikimbiza mezani, ikaanguka,
tukaitafuta sote watatu kwa magoti.
Nikachukua kile kikubwa. Kushoto na kulia, bei ya ndama.

"Si sikio jipya," dada aliandika kwa herufi kubwa.
"Ni fimbo. Kutembea utatembea mwenyewe."

Vitabuni huitwa shimesikio. Kwetu anaitwa Mgeni,
na Mgeni ana masharti.
Betri ibandue kibandiko, uhesabu mpaka sitini:
huvuta hewa kwanza, kama mtu aliyeibuka ziwani.
Jasho halitaki. Usiku alale koponi, ndani ya mchele mkavu.
Ukimkumbatia mtu, hupiga mluzi.

Wiki ya kwanza nilitaka kumrudisha kwao.
Kandambili zangu zilinipigia kelele.
Nilitafuna karanga nikadhani bati linang'olewa.
Msibani kwa kina Sayi sauti zote zilikuwa na kimo kimoja,
nikavizima, nikarudi kwenye kichwa changu.
Lakini ziwa! Kila siku nililiona likifumbua na kufumba mdomo
kwenye mawe, nikadhani linapiga miayo.
Kumbe lilikuwa linasema.

Kahabi, mke wangu, miaka tisa amenipigia kelele mchana.
Usiku, taa ikizimwa, midomo yake siioni,
nikajua amelala.
Juzi nilisahau kimoja sikioni, cha kushoto,
upande anaolala.
Giza likaanza kuzungumza.

Sauti ya chini, ile niliyoioa.
Dagaa wameshuka bei. Paa la jikoni linavuja.
Goti linamuuma tangu masika, hajamwambia mtu.
Yule mbuzi, bado anamcheka yule mbuzi.
Kisha: "Haya, baba Ng'walu, lala."
Na kimya kidogo, cha mtu aliyezoea kutojibiwa,
kabla hajageuka.

Sikujibu. Niliona nitakuwa mwizi wa giza lake.
Usiku wa pili, vilevile.
Wa tatu nikasema: "Goti lilikuanza lini hasa?"

Alinyamaza mpaka nikadhani betri imekufa.
Halafu akanichapa kofi la bega, Mgeni akapiga mluzi,
na Kahabi akacheka, polepole, kwa sauti ileile.

Siku hizi cha kulia nakilaza mapema kwenye mchele.
Cha kushoto kinasubiri amalize,
na mama huyu hamalizi.
Ng'walu, mnunuzi wa betri, ananuna:
mbona zinazoisha ni za kushoto tu?

Namwitikia kwa kichwa.