Kisanduku cha Nne

Mwalimu Mwakio alituita Jumamosi, wazazi wa Kidato cha Nne,
ukumbi wa chakula bado unanuka maharage ya jana.
Akasema: mahafali ni siku moja, na joho ni la kukodi,
hurudishwa kabla ya magharibi.
Nitakalo mpange leo ni Jumatatu inayofuata.

Mzazi mmoja akauliza kama keki ni lazima.
Tulicheka,
ila sote tulitaka kujua.

Niliandika nyuma ya lebo za magunia.
Daftari sina, lebo ninazo tele:
mwaka wa kumi na moja huu nafagia na kuchambua
katika ghala la chai, Shimanzi,
chai ipandayo meli nisiyoijua jina,
na kwangu Mikindani twanunua ya shilingi kumi, ya pakiti.
Nikaandika: cheti cha kuzaliwa, nakala tatu.
Kitambulisho, akitimiza kumi na minane, asingoje.
Salio la karo, elfu kumi na nane na mia sita;
bila hilo cheti chake kitalala kabatini shuleni.
Basari ya wadi: fomu, na muhuri wa chifu.
Mkopo wa chuo. Hapo niliweka alama ya kuuliza
kubwa kama ndoana.

Kazini sikusema kitu. Vumbi la chai lilisema,
maana nilikohoa nikilia, nikalia nikikohoa,
na Kanze ajua kutofautisha.
Mwezi ule zamu ya mchezo ilikuwa yake.
Akanisukumia bahasha chini ya meza ya kupimia:
"Paa langu lavuja mwaka wa pili, shoga,
halitakufa kwa mwezi mmoja zaidi."
Nilihesabu chooni. Elfu tisa.
Sikuweza kumshukuru hadi Alhamisi.

Basi ikabaki fomu.
Tuliijaza mezani, mimi na Nyevu, kalamu moja,
stima ikikatika ikirudi.
Jina. Wadi. Shule. Idadi ya ndugu.
Halafu: BABA. Visanduku vitatu.
Hai. Marehemu. Hajulikani.

Kalamu ikasimama.

Marehemu siwezi, nitamwapiza mtu bure.
Hajulikani? Pua ya mtoto huyu yajulikana
toka Changamwe hadi Mariakani.
Na nikitia hai, karani atauliza:
kama yu hai, mwaomba nini?

Nyevu akanitazama, akaitazama karatasi.
Akachukua rula yake ya hesabu,
akapiga mistari minne midogo, iliyonyooka,
chini ya vile vitatu,
akatia alama ndani, kisha pembeni akaandika:
Anaendesha lori. Hupitia.

Sikumkanya. Ningemkanya na nini?

Naibu wa chifu aliivuta miwani hadi ncha ya pua.
"Binti, fomu haitaki hadithi."
"Si hadithi, mzee. Ndiyo jibu."
Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni,
mwanamume mmoja mwenye fomu kama yetu
alishusha macho akasoma viatu vyake.
Feni ikazunguka. Mzee akafungua kidau cha wino,
akapuliza muhuri kama apozaye uji,
akaugonga.
Nusu yake iliangukia kile kisanduku,
nusu nje.

Majibu hayajatoka. Wadi yetu ni kubwa, mfuko ni mdogo,
na Mwalimu Mwakio amesema tusiweke mayai yote humo:
ametupa jina la mama mmoja wa ofisi ya elimu, Tononoka,
apokeaye simu kabla ya saa tatu, si baada.
Nitapiga kesho, nikiwa bado nina salio.

Usiku huu Nyevu apanga karatasi katika faili ya kijani,
cheti juu, fomu chini, ya karo katikati.
Nimevua leso kichwani, vumbi jekundu likamwagika
juu ya kila kitu.
Nikataka kulifuta. Akanishika mkono.
"Liache, mama," akasema, na akainusa faili.
"Wajue imetoka kwa nani."