Mfuko wa Ndani

Alfajiri tunakata kamba za robota
na Ulaya inajimwaga juu ya turubai:
makoti, makoti, mikono mitupu imekumbatiana.
Mimi nachambua kamera, Mutheu anahesabu vifungo,
na daftari langu limelala chini ya kigoda,
limebanwa kwa mpira wa suruali,
maana jioni, juu ya duka la rangi, River Road,
Mwalimu Oluoch ataniuliza habari za Ugiriki,
mimi, Wayua, mwanafunzi wa miaka hamsini na miwili.

Athene wananchi wote walipiga kura,
alisema mwalimu, kisha akakohoa:
isipokuwa wanawake, watumwa na wageni.
Nikaandika *wote*.
Nikaacha nafasi ya vidole viwili.
Nikaandika *kasoro sisi*.

Roma sikuhitaji kuikariri.
Mifereji yao iliyopanda juu ya matao, maili kwa maili,
niliisoma kwenye foleni ya mitungi,
Jumanne, siku yetu ya maji Majengo.
Na Roma iliungua. Hapo nikasoma mara mbili.
Gikomba imeungua mara ngapi? Tuliokuwa tukihesabu tumechoka.
Kule walitafuta wa kulaumu, wakampata mnyonge;
huku ripoti ingali inaandikwa.
Sisi tulipanga mawe juu ya majivu ya moto
tukauza soksi.

Karne za kati zilinipita nikiwa na homa.
Nakumbuka viroboto tu, na miji iliyofunga malango.
Mutheu akauliza kama nguo hizi si za wale wa tauni.
Nikamwambia hapana, imepita miaka mia sita na zaidi,
tena zimepuliziwa dawa, hebu nusa.
Akanusa. Akazikung'uta hata hivyo.

Kisha wafalme, jamani, wafalme!
Henri wa nne, Luisi wa kumi na sijui ngapi.
Kwetu mtoto huitwa kwa mvua, kwa njia,
kwa njaa iliyompokea, kama mimi.
Wao majina yaliwaishia, wakaanza kujihesabu.

Siku ya Mkutano wa Berlin umeme ulipotea.
Mwalimu hakusimama. Tukamsikiliza gizani,
vile vile tulivyogawanywa:
bila kuonekana.

Halafu Vita Kuu. Sababu tano, alama kumi.
Kijana alifyatua bastola Sarajevo
na baba wa nyanya yangu, Nzuki wa Mbithi,
akatwishwa sanduku la risasi Machakos
akaambiwa aelekee kusini.
Nilifungua faharasa mwisho wa kitabu.
Kaisari. Chini yake, Katoliki.
Kati yao, pale Kariokor ingelala,
weupe wa karatasi.
Nami hupita Kariokor kila siku ya Mungu!
Jina la jeshi la wapagazi, ndimi zetu zimelitafuna
hadi likawa soko la vyondo na nyama choma.

Jana alikuja kijana, Kiprotich,
anakwenda kusomea uuguzi, anataka koti zito.
Mji gani? Akautaja, unaishia na *burg*.
Nilimpa lile la sufu ya kijivu.
Alilipima mbele ya kioo kilichopasuka,
jasho likimtiririka, akicheka.
Nilitaja elfu moja, tukakutana mia sita na hamsini.

Sikumwambia kuhusu mfuko wa ndani,
kwamba nilikuta humo tiketi ya tramu,
wino umefifia, zimebaki herufi nne za mwisho.
Niliirudisha palepale.
Na nyuma yake, kwa kalamu yangu ya mtihani,
nilikuwa nimeandika:
*Nzuki wa Mbithi, mpagazi. Hakurudi.*

Labda dobi ataisoma. Labda itayeyuka kwenye sabuni.

Mtihani ni Alhamisi.
Sijafika bado mahali ukuta unapobomolewa.
Mutheu, nishikie kiti, robota jingine hilo.