Saba na Nane

Kwetu, saba mara nane ilikuwa na sauti:
rula ya mninga ikishuka juu ya vifundo.
Nilijibu hamsini na nne. Nilijibu sitini.
Siku moja nilijibu, "Naomba kunywa maji."
Nikamaliza darasa la saba
nikiwa bado naiogopa nane.

Miaka thelathini baadaye, Dundee,
kiwanda cha mikate, saa tisa usiku,
theluji nje inaanguka bila haraka,
nikavuta trei kutoka kwenye tanuri:
safu saba za skonzi, kila safu nane,
zimevimba, zimegusana mabega.
Nikahesabu. Hamsini na sita.
Nikaigeuza trei: safu nane za saba.
Hamsini na sita vilevile,
na hakuna aliyenyanyua rula.
Nilicheka hadi msimamizi akauliza
kama hamira imenipanda kichwani.

Nilisoma kwenye basi.
Nilisoma mbele ya mashine ya kufulia,
aljebra ikizunguka pamoja na soksi.
Nikafeli. Nikarudia. Nikafeli kidogo zaidi ya mara ya kwanza,
nikarudia.
Nilipofika arobaini na tatu nikakabidhiwa
kalamu ya ubao, funguo za chumba chenye ubaridi,
na watoto ishirini na tisa.

Ishirini na tisa!
Wapange upendavyo, safu hazilingani.
Saba za wanne, na mmoja baki:
Struan, kando ya hita, kofia hadi kwenye nyusi,
mkono haujapanda juu tangu Agosti.
Nikawaambia: kwa lugha yangu namba hii ni tasa.
Tasa ni nini? Asiyezaa, nikasema.
Kisha nikaona jina hilo halina haki,
maana namba zote zilizobaki
zimezaliwa na hizi tunazoziita tasa.
Nikageukia ubao, nikafuta mahali palipokuwa safi.

"Na jina lako, mwalimu, lina maana?"
Tatu, nikajibu. Mtoto wa tatu.
Mhairi akaandika 3 kwenye daftari, akalizungushia duara.
"Moja na mbili wako wapi?"
Mosi anauza vipuri vya pikipiki Korogwe.
Pili hakufikisha mwaka.
Kimya. Hita ikagonga mara mbili.
"Lakini wewe bado ni Tatu?"
Bado.
Nyumbani hatukuhesabu upya.

Desemba nikawaletea saa ya ukutani.
Mshale uko kwenye tatu, mama yangu anasoma tisa.
Nani mwongo?
Wakabishana dakika ishirini, kwa furaha na kelele,
mpaka Agnieszka akapanda juu ya kiti: "Ongezeni sita!
Mkipita kumi na mbili, anzeni tena!"
Nikaeleza kwamba kwetu saa huanza kuhesabiwa na jua,
jua likitoka, siku inafungua mlango.

Ndipo mkono ukapanda, kando ya hita.
"Leo jua limetoka saa mbili na dakika arobaini.
Kwa hiyo saa yenu, hapa, haifai."
Darasa likanitazama.
Nami nikasikia, kwa mbali, mninga ukipasua hewa,
nikaungoja upite.
"Kweli haifai," nikasema. "Tengeneza inayofaa."

Akachora duara, akalifuta, akachora jingine.
Akaiweka sifuri pale jua lilipochomoza.
Alinung'unika, alitafuna kamba ya kofia,
alitoa alipopaswa kujumlisha, akajisuta mwenyewe,
akatoa tena, safari hii sawasawa.
Kengele ikalia. Wenzake wakamwagika kwenye korido.
Yeye hakuinuka, wala mimi sikumwinua.

Dirishani jua lilikuwa linaingia nyuma ya mabomba ya moshi.
Kwangu, saa tisa na dakika thelathini na mbili.
"Kwangu," alisema Struan, akiinua kofia
nikaona kumbe ana macho ya kijani,
"saa saba kasoro dakika nane."

Nilikagua mara mbili. Amepata.