Zamu ya Usiku na Kangaja

Aliletwa Jumanne ndani ya mfuko wa nailoni
uliofura kama shavu lenye jipu.
"Kangaja," akasema Shaali, kijana wa duka.
Mimi nikatazamia chenza,
nikaona samaki wa manjano, bapa kama kiganja,
wembe huku na huku kwenye shina la mkia,
mdomo wa kubusu kioo.

Daktari Kyomuhangi alimnunua kwa bei ya mbuzi watatu
ili watoto wa Kitoro wapate cha kutazama
kabla hawajaambiwa waachame.

Alhamisi akaanza kujikuna kwenye mawe.
Ijumaa, punje nyeupe mapezini,
kana kwamba chumvi tuliyompimia kwa kijiko
imeamua kumwotea ngozini.
"Mtengeni," Shaali akasema kwenye simu.
"Dawa ya shaba, matone tisa. Pimeni asubuhi, pimeni jioni.
Ikizidi inamuua. Ikipungua inamchekea mdudu."
Daktari akafunga mkoba, akanitazama mimi,
mwenye rungu, tochi, na redio isiyo na betri.
"Odur, si wewe ndiye unayekesha?"

Kiswahili changu nilikiokota kambini.
Ni cha simama, lala chini, toa kitambulisho.
Sikuwa na neno la kumpa samaki.
Nikamwambia: pumua.
Hiyo nayo ni amri.

Kwanza, josho la maji matamu.
Maji ya bomba, yaliyolala siku mbili kwenye ndoo,
yaliyopashwa hadi joto lake yeye;
maji ya ziwa lile lile linalopiga mawe
chini ya barabara yetu.
Humo mdudu hupasuka kabla ya samaki.
Kabla kidogo.
Dakika tano, alisema Shaali.
Nikasimama na saa mkononi,
naye akalala ubavu, jicho moja kwangu,
na Nalubaale yote, pamoja na ukubwa wake,
haikuwa na pa kumlaza
ila hizo dakika tano.
Ya nne nikamtoa. Ya tano sikuithubutu.

Saa nane usiku umeme ukaenda.
Mashine ya hewa ikanyamaza,
ndipo nikajua kumbe ilikuwa ikizungumza.
Nikatwaa pampu ya baiskeli,
nikaiunga na mrija kwa kidole cha glavu ya daktari,
nikaanza: chini, juu. Chini, juu.
Mapovu yakapanda, madogo, yenye ubishi.
Mkono huu umewahi kusukuma hewa namna hii,
ndani ya hema, karibu na Lira,
mdomoni mwa mtu aliyekuwa akinidai shilingi mia tano.
Sitasema mwaka.
Mkono haujasahau hesabu, basi.

Mbwa wa jirani walibweka, sikutoka.
Kama mwizi alikuja, alikuta lango halina mtu
na dirishani mzee anaipulizia ndoo upepo.

Asubuhi akaja mtoto mwenye sare ya shule,
kitambaa kimefungwa taya hadi utosi.
Akalikuta sanduku la kioo tupu.
"Yuko wapi?"
"Amelazwa."
Akafikiri. "Jino?"
Nikampeleka nyuma, kwenye chumba cha mifagio.
Nilikuwa nimechovya jani la dodo katika maji ya moto,
nikalibana ukingoni kwa kibanio cha nguo.
Tukangoja. Hakuligusa.
Tukangoja tena, hadi muuguzi akaita jina la mtoto,
naye akaenda kinyumenyume, asiache kutazama,
na hapo ndipo jani likatikisika.
Au lilitikiswa na mapovu.

Kitabu cha matukio, ukurasa wa leo:
*Saa 8:10 umeme ulikatika. Saa 11:35 umerudi.*
*Wezi: hakuna.*
*Punje: jana kumi na nne, leo tisa.*
Mwangaza ulikuwa hafifu, huenda ni kumi na moja.
Nimeandika tisa.